Maswali yenu: kutenganisha plastiki kwa pipa la maji

Barua za safari hii nyingi zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinalia kilio kimoja: plastiki imeshasagwa ikiwa imechanganyika, na mnunuzi haitaki. Baadhi tumezifupisha.

Shikamooni wataalamu. Tuko vijana watano hapa Ujiji. Tunasaga chupa za maji na soda pamoja na vizibo vyake, maana kung'oa kizibo kimoja kimoja kunamaliza siku. Mnunuzi wa Dar ameukataa mzigo kwa sababu ya vizibo. Tumesikia maji yanaweza kuvitenga. Tufanyeje?
*Msomaji, Ujiji*

Marahaba. Yanaweza, na katika kazi zote za kutenga plastiki hii ndiyo nyepesi kuliko zote.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Plastiki ya chupa, yaani PET (namba 1 chini ya chupa), ingejaza chombo cha lita moja bila hewa ndani ingekuwa na kilo 1.38 hivi. Vizibo ni polithini ngumu, kilo 0.95, au polipropilini, kilo 0.90 hadi 0.91. Kwa hiyo kipande cha chupa kinazama, na kipande cha kizibo kinaelea pamoja na ile pete inayobaki shingoni. Lebo za plastiki nyembamba za chupa za maji kwa kawaida ni polipropilini, nazo huelea. Maji ya ziwa yanafaa kabisa. Tanganyika ni maji baridi, chumvi yake haifiki gramu moja kwa lita, haiharibu hesabu.

Chukueni pipa la plastiki la lita 200, mkate mfuniko wote. Sentimita 15 chini ya ukingo toboeni tundu, mfunge kipande cha bomba la inchi 4 kitokeze nje kama mdomo wa birika. Karibu na kitako cha pipa fungeni koki ya inchi 1 inayopokea mpira wa maji. Ndani teremsheni kikapu cha wavu chenye matundu ya milimita 3 au 4, kiwe na mikono mirefu ya kukinyanyulia. Chini ya mdomo wa bomba wekeni chekeche juu ya ndoo, na maji yanayodondokea humo yarudishwe kwenye kazi.

Jazeni maji mpaka vidole viwili chini ya mdomo. Mwageni kilo 4 au 5 za vipande, si zaidi. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu pipa linaonekana lina nafasi na mtu anamwaga gunia zima. Vipande vikibanana, kizibo kinakandamizwa chini na vipande vya chupa, na kipande cha chupa kinapanda juu ya mgongo wa vizibo. Zamisheni kila kitu kwa mwiko mpana wa mbao, mkivisukuma chini na kuvigeuza kwa dakika mbili, kisha acheni maji yatulie dakika tatu. Rudieni mara moja, safari hii polepole. Halafu fungeni mpira wa maji kwenye koki ya chini, mfungue maji yaingie. Maji yanapanda, na kila kinachoelea kinatokea mdomoni. Kisaidieni kwa ubao mwembamba, lakini msichote kwa kina, maana mkono ukishuka sana unainua na vilivyozama. Mwisho nyanyueni kikapu kichuruzike.

Mkiishia hapo mtapata mzigo ulio safi kiasi, si safi. Vipande vilivyozama vipitisheni pipa la pili lenye maji mapya. Vile vilivyoelea navyo virudieni, kwa sababu ndani yake mna PET iliyobebwa, na hiyo ni pesa yenu.

Kujua mmefika wapi, anikeni, pimeni kilo moja ya vipande vikavu, mvimwage mezani na kuokota kwa mkono kila kisicho chupa. Mkipata gramu 5, uchafu ni nusu asilimia. Muulizeni mnunuzi anakubali gramu ngapi kwa kilo kabla ya kupakia behewa, si baada ya mzigo kufika Dar.

Hapa Ng'ambo, Tabora, pipa tunalo na tunafuata hatua zote, lakini vipande vya chupa vingi vinaelea pamoja na vizibo, na safari nyingine vizibo vinazama. Kama uzito ndio unaoamua, mbona maji yanatudanganya?
*Msomaji, Tabora mjini*

Maji hayajadanganya. Kipande kinachoelea bila haki yake kimebeba hewa, na kinachozama bila haki yake kimebeba mzigo. Tuanze na hewa.

Chukua kipande kimoja cha chupa kilichokauka, kiweke taratibu juu ya maji kwenye bakuli. Kitakaa juu, na ukiinama usawa wa maji utaona uso wa maji umebonyea kukizunguka kama godoro lililokaliwa. Maji hayapendi kugusana na plastiki kavu, kwa hiyo ngozi ya maji inakibeba. Kikandamize kwa kidole mpaka maji yapite juu yake: kitashuka na hakitapanda tena. Ndiyo maana tunasisitiza kuzamisha kwa mwiko na si kukoroga tu. Kukoroga kwa nguvu kunaingiza hewa zaidi, na viputo vinajishika kwenye vipande kimoja kimoja.

Sabuni inalegeza ngozi hiyo, ila kidogo inatosha: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 50. Ukizidisha unapata povu, na povu linabeba vipande kuliko hata maji matupu yalivyokuwa yakibeba. Tunashuku hilo ndilo linalowasumbua, maana mtu akiona vipande vinaelea anaongeza sabuni, vikizidi kuelea anaongeza tena. Mwageni maji hayo muanze upya. Njia isiyo na gharama ni kuloweka vipande usiku kucha kabla ya kazi.

Sababu ya pili ni mashine. Visu butu havikati, vinachana na kukunja. Kipande kilichojikunja kama sambusa kinafungia hewa katikati, na hakuna sabuni itakayoitoa. Noeni visu, na tumieni chujio la mashine lenye matundu ya milimita 10 hadi 12. Visu butu pia hutoa vumbi jingi la plastiki, na chembe ndogo kuliko milimita 2 hazitengeki vizuri kwenye pipa. Zichekecheni kabla ya kuingiza majini, mziweke kando.

Ya tatu ni mafuta. Chupa iliyowekwa mafuta ya kula au ya taa inakataa maji hata ukiizamisha. Chupa za namna hiyo zisagwe peke yake na zioshwe kwa moto: maji ya nyuzi 80 hadi 85 yenye kostiki kilo 2 kwa lita 100, dakika 10 hadi 15, kisha suuza mara mbili au tatu. Hiyo ni kostiki ile ile ya watengeneza sabuni, nayo inatoa pia gundi ya lebo. Msizidishe muda wala moto, kwa sababu kostiki inaila PET yenyewe. Daima kostiki ndiyo itiwe kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki. Vaeni glovu ndefu na miwani. Na tafadhali msitumie sufuria ya alumini wala pipa lenye kipande cha alumini: kostiki inailamba na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Pipa la chuma cha kawaida halina neno.

Vizibo vinavyozama navyo vina sababu zake. Vingi vimejaa mchanga au udongo, kwa hiyo mzigo wa mtaani usuuzwe kabla ya kusagwa. Vingine vimeng'ang'aniwa na kipande cha shingo ya chupa ambacho mashine haikukitenganisha. Shingo ndiyo sehemu nene kuliko zote, inavuta kizibo mpaka chini. Dawa ni kusaga tena.

Viti vya plastiki vilivyovunjika ni polipropilini, namba 5 imeandikwa chini kabisa. Mbona vinazama?
*Msomaji, Nzega*

Kwa sababu kiti si polipropilini tupu. Watengenezaji wengi huchanganya unga wa chokaa au wa mawe ili kiti kiwe kigumu na nafuu, na unga huo una uzito wa kilo 2.7 hivi kwa lita. Ukiwa robo ya uzito wa kiti, plastiki inavuka kilo moja kwa lita na kuzama. Namba imesema kweli, na maji nayo yamesema kweli. Viti visagwe peke yake na viuzwe kama viti. Vikiingia kwenye mzigo wa chupa vitazama pamoja na PET, na hapo hakuna pipa litakalowaokoa.

Mimi nanunua madumu na ndoo hapa Kasulu. Madumu ni polithini ngumu, ndoo nyingi ni polipropilini. Zote zinaelea. Nizitenge kwa njia gani?
*Msomaji, Kasulu*

Kwa macho na mikono, kabla ya kusaga. Kwa kupima kipande usichokijua upo mtego mdogo: changanya vipimo vitano vya spiriti ya hospitali ya asilimia 70 na vipimo viwili vya maji kwenye glasi. Mchanganyiko huo una uzito wa kilo 0.93 kwa lita. Polipropilini itaelea, polithini ngumu itazama. Lowanisha kipande kwanza, ukitumbukize kabisa, na glasi ikae mbali na moto. Hicho ni kipimo cha mezani tu. Pipa zima la spiriti ni hasara na ni bomu.

Kuna msomaji mwingine wa Kigoma aliyeuliza kama mawese yanaweza kufanya kazi hiyo. Yana kilo 0.91 hadi 0.92 kwa lita, yanakaribiana mno na polipropilini, na asubuhi yenye baridi yameganda nusu. Yaachwe kwenye mboga.

Hapa Uvinza chumvi si shida. Tuna magunia ya PET iliyochanganyika na vikombe vya mtindi na vijiko vya plastiki ngumu inayovunjika kama biskuti. Vyote vinazama. Je, maji ya chumvi yatasaidia?
*Msomaji, Uvinza*

Ndiyo, na mmekaa pazuri. Vikombe na vijiko vinavyokatika kwa sauti kali kwa kawaida ni polistirini (namba 6), kilo 1.05 kwa lita. Imepita maji kwa kijisehemu tu, PET imepita kwa mbali. Mnahitaji maji mazito yatakayosimama katikati yao.

Chumvi kilo 11 ndani ya lita 100 za maji inatoa kilo 1.07 kwa lita. Kilo 17 na nusu inatoa 1.11. Kilo 25 inatoa 1.15. Hata ukiyashibisha mpaka chumvi ikatae kuyeyuka, hayavuki 1.20. Kwa kazi yenu lengeni 1.11. Hapo polistirini inapanda bila kusitasita na PET inabaki chini. Ukiishia 1.07 inapanda, lakini kwa uvivu, na kipande chenye rangi nyingi au uchafu kidogo kinakwama katikati ya pipa.

Msikisie kwa ulimi. Chukueni chupa ya lita moja na mizani ya jikoni. Pimeni chupa tupu, jazeni maji safi mpaka alama, pimeni, mtoe uzito wa chupa. Fanyeni vivyo hivyo kwa maji ya chumvi, mpaka alama ile ile. Gaweni uzito wa pili kwa wa kwanza: ikija 1.11, anzeni kazi. Asiye na mizani atumie yai bichi la jana au leo. Yai la namna hiyo lina uzito wa kama 1.08, kwa hiyo likielea, maji yameshaivuka polistirini. Yai la wiki tatu limekauka ndani na linaelea mapema, litawadanganya.

Mpango uwe huu: kwanza maji matupu, vizibo na lebo vitoke. Kisha churuzisheni vipande vilivyozama mpaka maji yasidondoke, ndipo viingie kwenye chumvi. Vikiingia vikiwa vinatiririka maji, kila kikapu kinazimua pipa, na baada ya vikapu kumi mtashangaa polistirini imeanza kuzama tena. Pimeni asubuhi na mchana, mwongeze chumvi inapopungua. Mwisho PET isuuzwe mara mbili kwa maji safi, kwa sababu chumvi inayobaki inakula chuma cha mashine ya anayeyeyusha.

Maji ya chumvi yakichafuka yachujwe kwa kitambaa yarudi kazini, na yakishindikana yaanikwe kwenye kidimbwi kifupi chenye turubai mpaka chumvi ibaki. Kuyamwaga shambani ni kuua shamba.

Mfano mmoja uangaliwe: polistirini iliyofumuka, ile nyeupe ya kufungia redio na televisheni, inaelea hata kwenye maji matupu kwa sababu karibu yote ni hewa. Itoeni kwa mkono mapema, la sivyo itatoka na vizibo.

Mabomba ya maji na PET zinazama zote hata kwenye chumvi. Nimesikia migodini wanaelesha mawe mazito kwa povu. Haliwezekani hilo kwa plastiki?
*Msomaji, Urambo*

Linawezekana, na viwandani limefanywa. Lakini tuanze na kwa nini chumvi imeshindwa. PET ina kilo 1.33 hadi 1.40 kwa lita, PVC ngumu ya mabomba 1.35 hadi 1.45. Zimekaliana. Hata upate kimiminika kizito vya kutosha (asali ya Tabora hufika 1.4, kama kuna tajiri wa kujaribu), bado hakina pa kusimama kati yao.

Mgodini, kama kule Bulyanhulu, jiwe husagwa likawa unga, likatiwa dawa zinazofanya chembe za madini yanayotakiwa zikatae maji. Viputo vya hewa vinapulizwa kutoka chini, vinajishika kwenye chembe hizo na kuzipandisha na povu, mawe mengine yanabaki. Uzito hauamui tena, ngozi ya chembe ndiyo inayoamua.

Kwa plastiki shida ni ya kinyume: PET na PVC zote mbili zinakataa maji tangu kuzaliwa, kwa hiyo viputo vingezibeba zote. Inabidi mmoja afundishwe kupenda maji. PET ikipikwa kwenye kostiki ya moto, ngozi yake inaliwa kidogo na kuanza kulowana, PVC inabaki ilivyo. Wengine hutumia tanini (dawa ya magome ya miti, ile ya kutengenezea ngozi) au kalisi lignosalfoneti (masalia ya miti kutoka viwanda vya karatasi), zinazojipaka kwenye plastiki moja zaidi ya nyingine. Kisha linatiwa tone la dawa ya povu, mfano mafuta ya msonobari, hewa inapulizwa kwa viputo vidogo, PVC inapanda na PET inazama.

Kwenye pipa lenu hatushauri. Chembe ya mgodini ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, kipande cha plastiki ni kikubwa mara nyingi zaidi na kinahitaji viputo vingi vikishike pamoja. Sabuni kidogo iliyobaki kwenye mzigo inavuruga kila kitu, kwa sababu inazilowanisha zote. Na mnunuzi wa PET hataki PVC hata chembe: PET huyeyushwa kwa nyuzi 260 hadi 280, na kabla ya kufika huko PVC imeshaungua, imetoa tindikali ya haidrokloriki, imetia madoa meusi na kuikata PET iwe dhaifu. Hata gramu moja katika kilo kumi inaharibu.

Kwa hiyo PVC izuiwe mlangoni. Mabomba na soli za viatu vijulikane kwa macho. Zile sili nyembamba zinazobana kizibo mara nyingi ni PVC, zichanwe. Chupa mnayoitilia shaka, ikunjeni: PVC inaacha mstari mweupe kwenye mkunjo. Chini, chupa ya PET ina kidoti katikati, ya PVC ina mshono ulionyooka. Shaka ikibaki, pasheni waya wa shaba motoni mpaka uwe mwekundu, ugusisheni kwenye plastiki, uurudisheni motoni. Ndimi za kijani ni dalili ya klorini. Fanyeni hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa kipande kisichozidi punje ya mchele, kwa sababu moshi huo ni sumu.

Sisi ni kina mama wa Kibirizi. Nyavu za dagaa zilizochakaa, kamba zake na vyandarua vya zamani vimejaa mwaloni. Pipa linaweza kuvitenga?
*Msomaji, Kibirizi*

Nyavu na kamba, ndiyo. Nyavu za nailoni zina kilo 1.14 kwa lita na zinazama. Kamba za polithini na polipropilini zinaelea. Ila msizisage kwanza. Kateni kamba na maboya kwa kisu, na vueni kila risasi iliyofungwa chini ya wavu, hata ile iliyofichwa ndani ya mshono. Risasi moja ikiingia mashineni inavunja kisu, na vumbi lake ni sumu kwenu na kwa watoto wanaocheza hapo. Baada ya hapo kateni vipande vya sentimita 5 hivi, mviloweke usiku kucha, maana nyuzi zinafungia hewa kuliko kitu kingine chochote, ndipo viingie pipani. Nyuzi zikisokotana zitabebana, kwa hiyo tieni kilo moja tu kwa safari.

Vyandarua msivitie humo. Vingine ni poliesta na vinazama, vingine ni polithini na vinaelea, na hilo lingekuwa rahisi, lakini vimetiwa dawa ya mbu ya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa samaki ni kali mno hata ikiwa kidogo sana. Maji ya kuvioshea yakifika ziwani yanaua vifaranga vya samaki. Vifungeni kavu kwenye magunia, mbali na mwalo, mmuulize afisa mazingira wa manispaa pa kuvipeleka. Na maji ya pipa la nyavu nayo yasirudi ziwani yalivyo. Yapitisheni kwenye kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara mbili na ndoo ya mchanga, kwa sababu nyuzi ndogo za nailoni zinazobaki humo hazionekani mpaka kitambaa kikauke.